Regulata ya propani kwenye tochi ya kioo: imekufa au imesingiziwa? Na ikifa, uweke ipi?

Mwali wa tochi ya kuyeyushia kioo ukianza kunywea katikati ya kazi, au ukijaa manjano na masizi bila mtu kugusa nobu, lawama ya kwanza huangukia regulata, kifaa kinachoshusha presha ya gesi itokayo mtungini. Mara nyingi haistahili. Mtungi uliopoa, vali ya usalama iliyojifunga au kizuia moto (kifaa kinachozuia mwali kurudi mpirani) kilichoziba huleta dalili zilezile, na anayekimbilia kununua regulata mpya hurudi mezani na tatizo lake lilelile. Lakini upo ubovu mmoja ambao ni wa regulata peke yake: presha kupanda yenyewe wakati tochi imefungwa. Ukithibitika huo, funga mtungi na usiwashe tena kwa regulata hiyo, hata kama kazi iko nusu.

Tutaanza kwa kulinganisha regulata mbovu na vitu vinavyoiga ubovu wake, kisha tupime aina za regulata zinazoweza kuchukua nafasi yake.

Dalili, ubavu kwa ubavu

| Unachoona | Kama ni regulata | Kama si regulata |
|---|---|---|
| Mwali unapungua polepole, kisha unarudi baada ya mapumziko | Barafu kwenye tundu la ndani, gesi ikiwa na maji (si jambo la kila siku) | Mtungi umepoa. Ni mdogo kwa tochi hiyo |
| Mwali mdogo tangu dakika ya kwanza | Springi imevunjika, au chujio la kuingilia limeziba | Vali ya kuzuia mtiririko mkubwa imejifunga. Kizuia moto kimeziba. Mpira wa kupitishia gesi umekunjika |
| Mwali unakua wenyewe na kuwa manjano | Kiti cha vali (pale kizibo cha ndani kinapokaa) kinavuja | Oksijeni imepungua |
| Mwali unapumua, juu na chini | Kiwambo (utando wa ndani unaosukumwa na presha) kimekuwa kigumu, mafuta yamejaa ndani | Mashine ya kuzalisha oksijeni inabadilisha mitungi yake ya ndani. Mafuta yametuama kwenye mpira |
| Regulata inavuma au kutetemeka | Springi au kizibo kimelegea | Imewekwa ndogo mno kwa tochi |
| Harufu ya gesi | Kiwambo kimetoboka | Nati haijakaza. Pete ya mpira imechakaa |
| Sindano ya geji hairudi sifuri | Geji imekufa, regulata huenda ni nzima | Presha imebaki kwenye mpira |

Mstari wa tatu ndio unaowapoteza wengi. Manjano haimaanishi lazima kwamba propani imezidi. Huenda oksijeni ndiyo imepungua. Kabla ya kushika spana, tazama geji ya oksijeni tochi ikiwa inawaka. Ikiwa imeshuka, regulata ya propani haina kosa. Ikiwa imesimama palepale na mwali bado unarefuka, hapo unayo sababu ya kushuku upande wa propani. Usipuuze jambo hili kwa kudhani ni la macho tu: mwali wenye propani ya ziada hugeuza rangi za kioo chenye fedha au shaba, hufanya kioo chenye risasi kuwa cha kijivu, na huacha masizi ndani ya kioo safi ambayo hayatoki tena.

Baridi dhidi ya ubovu

Huu ndio mkanganyiko mkubwa zaidi, na tarakimu chache hutosha kuumaliza. Propani huchemka kwa nyuzi −42 za Selsiasi. Ndani ya mtungi, kama bado kuna kimiminika, presha hufuata joto la kimiminika hicho na si wingi wake: kwa nyuzi 20 ni takriban bar 7.4 juu ya presha ya hewa, kwa nyuzi 0 ni 3.7, kwa nyuzi −20 ni 1.4 tu. Ndiyo maana geji ya upande wa mtungi haikwambii gesi imebaki kiasi gani. Pima kwa mizani.

Kila kilo ya propani inayogeuka mvuke hunyonya karibu kilojuli 350 za joto, na joto hilo lazima lipite kwenye ukuta wa mtungi kutoka hewani. Tochi ndogo inayotumia gramu 150 kwa saa inadai wati 15 hivi. Mtungi wowote wa kawaida humudu. Tochi kubwa ya kioo cha borosilikati ikifikia kilo 1.5 kwa saa inadai karibu wati 146, na mtungi mdogo ulio nusu hauwezi kuvuta joto hilo kwa kasi inayotakiwa. Kimiminika kinapoa, presha inashuka, ukungu na kisha barafu vinajichora nje ya mtungi kufikia usawa wa kimiminika.

Kwa hiyo tazama barafu iko wapi. Ikiwa imeshika mtungi na tochi ni kubwa, tatizo ni mtungi: weka mkubwa zaidi, au unganisha miwili kwa pamoja. Ikiwa tochi ni ndogo na mtungi mkavu lakini regulata peke yake imevaa barafu, mwali nao unakatika na kurudi, basi kuna maji kwenye gesi au kizibo kinapitisha kupita kiasi. Mtungi uliopoa hauchomwi kwa moto wala kumwagiwa maji ya moto. Usifikishwe nyuzi 50 kwa njia yoyote.

Kuna jambo jingine linalosahaulika: gesi ya kupikia katika nchi nyingi ni mchanganyiko wa propani na butani. Butani huchemka karibu na nyuzi 0, na kwa nyuzi 10 hutoa takriban psi 7 tu (kipimo kingine cha presha; bar 1 ni psi 14.5 hivi) juu ya presha ya hewa. Propani hutangulia kutoka, butani hubaki chini. Mtungi wa namna hiyo ukikaribia kwisha siku ya baridi, hakuna regulata itakayokupa psi 5 imara. Ukiona tatizo hutokea mtungi unapokaribia mwisho tu na kupotea ukiubadilisha, usinunue kitu.

Vali iliyojifunga

Viunganishi vingi vya mitungi ya kisasa vina vali ndogo inayojifunga gesi ikikimbia ghafla, ili mpira ukikatika gesi isimwagike yote. Ukifungua mtungi kwa haraka wakati mpira ni mtupu, au tochi ikiwa wazi, vali hiyo hudhani mpira umekatika. Matokeo ni mwali dhaifu sana tangu mwanzo. Funga tochi, funga mtungi, legeza skrubu ya regulata, subiri dakika mbili, kisha fungua mtungi taratibu mno. Mwali ukirudi, regulata ilikuwa imesingiziwa.

Bado ni dhaifu? Funga mtungi, toa presha yote, kisha ondoa kizuia moto na ukikague. Kile chenye chujio la chuma lililosagwa huziba kwa mafuta na masizi, na hakisafishwi, hubadilishwa. Usiwashe tochi bila hicho kwa kisingizio cha kujaribu. Weka kingine kizima ndipo ulinganishe.

Kipimo kinachotoa hukumu

Ndani ya regulata kuna kizibo kidogo kinachokaa juu ya kiti chake. Springi unayoikaza kwa skrubu hukisukuma kifunguke. Presha ya upande wa tochi, ikibonyeza kiwambo, hukifunga. Chembe ya kutu, uzi wa tepu nyeupe ya mabomba, au mpira wa kizibo uliogeuka mgumu kwa mafuta ya gesi vyatosha kukizuia kisikae sawasawa. Gesi hupenya kidogokidogo, na presha ya mpirani hupanda kuelekea ile ya mtungi.

Pima hivi, mahali penye hewa, pasipo na moto mwingine zaidi ya wa tochi:

1. Funga mtungi, toa gesi yote, legeza skrubu mpaka uisikie haina mvutano. Sindano zote zisome sifuri.
2. Funga vali za tochi. Fungua mtungi taratibu. Skrubu ikiwa imelegea, geji ya upande wa tochi haitakiwi kusogea hata kidogo. Ikipanda, kizibo hakifungi, na kipimo kimeishia hapo.
3. Washa tochi, weka psi 5 wakati gesi inatembea. Zima, funga vali za tochi. Sindano itaruka kidogo, pengine hadi 5.5 au 6. Hiyo ni kawaida, kwa sababu kizibo huhitaji presha ya ziada ili kujikaza.
4. Subiri dakika 15 bila kugusa kitu. Sindano iliyosimama ni regulata nzima. Sindano inayopanda, hata polepole, ni regulata ya kutupa au kupeleka kwa fundi.
5. Sasa funga mtungi na legeza skrubu. Geji ya upande wa tochi ikishuka, kuna uvujaji kwenye mpira, viungo au vali za tochi. Geji ya upande wa mtungi ikishuka, tafuta kwenye kiungo cha mtungi, geji yenyewe au kizibo.
6. Fungua mtungi tena, kaza skrubu mpaka psi 5, na paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kwenye kitundu kidogo cha hewa kilicho kwenye kofia ya regulata. Povu kwenye kitundu hicho maana yake kiwambo kimetoboka. Usikizibe kitundu, ndiko kiwambo kinakopumulia.

Hatua ya 3 ina faida ya pili. Linganisha presha tochi ikiwaka na ikiwa imezimwa. Kutoka 6 hadi 5 ni sawa. Ikiporomoka kutoka 6 hadi 2 kila ukifungua vali, ama regulata ni ndogo kwa tochi yako, ama chujio lake la kuingilia limeziba. Hapo hakuna hatari ya presha kupanda, ila hakuna mwali pia.

Aina ya tochi nayo huamua uzito wa jambo. Kwenye tochi zinazochanganya gesi nje ya mdomo, propani ikipungua mwali hupiga kelele na kuwa mkali mno. Kazi inaharibika, basi. Kwenye tochi zinazochanganya ndani, kama zile za kushika mkononi, propani ikipungua moto unaweza kurudi ndani ya mdomo kwa mlio wa pop, na oksijeni yenye presha kubwa ikapenya kwenye mpira wa propani. Mwenye tochi ya namna hii asiwe na subira na regulata inayoyumba, na vali za njia moja zisikosekane.

Kutengeneza au kununua

Regulata nyepesi ambazo kofia yake imebanwa kiwandani hazifunguliki. Ukiifungua kwa nguvu haitafungika tena kwa usalama. Zile nzito za mtindo wa mafundi wa kulehemu, zenye kofia ya thredi, zina seti ya vipuri: kizibo na kiti, kiwambo, chujio, pete. Kazi hiyo ni ya karakana yenye vifaa vya kupimia presha baada ya matengenezo, na iombe ikupe matokeo ya kipimo. Kwa regulata ya hatua moja ya propani (inayoshusha presha kwa mkupuo mmoja), gharama ya kazi mara nyingi hukaribia bei ya mpya, kwa hiyo msimamo wetu ni kununua. Matengenezo yana maana kwa regulata ya bei kubwa, au pale tatizo ni geji tu, maana geji hubadilishwa bila kugusa moyo wa regulata.

Umri pia una neno. Watengenezaji wengi hutaja muda wa kubadilisha ambao huangukia kati ya miaka 5 na 10, na tarehe ya kutengenezwa hugongwa kwenye mwili wa regulata. Iliyopita muda wake na imeanza kuyumba haihitaji uchunguzi mrefu.

Ipi iwekwe badala yake

Tochi nyingi za mezani hutaka propani ya psi 3 hadi 7. Mwongozo wa tochi yako ndio wenye neno la mwisho. Shika tarakimu hiyo mkononi unapolinganisha.

Regulata ya jiko la nyumbani hutoka kiwandani ikiwa imefungwa kwenye milibar 28 hadi 37, yaani karibu psi 0.4 hadi 0.5. Hiyo ni sehemu ya kumi ya kinachotakiwa. Wapo wanaotoboa kofia yake na kukaza springi ili itoe zaidi. Usifanye hivyo: kiwambo chake hakikuundwa kwa presha hiyo.

Regulata nyekundu za majiko makubwa, zenye nobu na presha ya psi 0 hadi 20 au 30, hufanya kazi na ni rahisi kupatikana. Kasoro yake ni kwamba nyingi hazina geji, na bila geji huwezi kuona presha ikipanda. Ukiichagua, weka kiungo cha T baada yake na geji ya psi 0 hadi 15. Kwa tochi moja ndogo ya shanga, huo ni mpangilio mzuri kabisa.

Regulata ya hatua moja yenye geji, iliyoandikwa LPG au propani, ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi. Tazama kipimo cha geji kabla ya jina la kampuni. Geji ya kawaida inaweza kukosea asilimia 3 ya kipimo chake kizima. Ikiwa mwisho wa kipimo ni psi 100, kosa hilo ni psi 3, na wewe unatafuta psi 5. Ikiwa mwisho wake ni 15 au 30, kosa ni chini ya psi 1. Geji ya pili ya upande wa mtungi ni pambo zaidi kuliko msaada kwenye propani, ingawa hurahisisha hatua ya 5 ya kipimo.

Regulata ya hatua mbili, inayoshusha presha mara mbili mfululizo, husifiwa sana, na kwenye oksijeni ya mtungi sifa hizo ni za kweli: presha ya mtungi huanza juu sana na kuteremka siku nzima, na regulata ya hatua moja hubadilika nayo. Propani haiendi hivyo. Presha yake hubaki ileile mpaka kimiminika kiishe, isipokuwa baridi iingie kati. Mwenye fedha ya regulata moja tu ya hatua mbili aiweke upande wa oksijeni. Upande wa propani, ya hatua mbili huanza kulipa kwa tochi kubwa inayolishwa na mtungi ulio nje, unaopigwa jua mchana na baridi alfajiri.

Kwa karakana yenye tochi tatu au nne kuna njia bora kuliko hiyo: regulata moja nje kwenye mtungi ikitoa psi 15 hivi, na nyingine ndogo kwa kila meza ikishusha hadi 5. Mmoja akifungua tochi kubwa, jirani yake haoni mwali wake ukicheza. Faida ya ziada ni kwamba ya nje ikianza kupitisha, ya mezani bado inazuia, mradi nayo imethibitishwa kubeba presha ya mtungi.

Regulata ya asetilini huleta swali kila mara, kwa sababu kiungo cha CGA 510 (aina sanifu ya kiunganishi cha mtungi) hutumika kwa gesi zote mbili. Itumie tu kama mtengenezaji ameandika propani kwenye orodha ya gesi zake. Regulata ya oksijeni haikopeshwi upande wa propani hata siku moja, na zaidi ya hapo isirudi kwenye oksijeni baada ya kuguswa na propani: mafuta yaliyobaki ndani huwaka yakikutana na oksijeni yenye presha.

Siku ya kufunga mpya

Nati ya aina ya POL, ile inayoshika regulata kwenye mtungi wa propani, ina thredi za kushoto, kwa hiyo hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Mikato midogo kwenye pembe za nati ndiyo alama yake. Hufunga chuma kwa chuma au kwa pete ya mpira. Usiweke tepu wala grisi: uzi wa tepu ukikatika huenda moja kwa moja kwenye kiti cha vali, na umeanza upya.

Kabla ya kufunga, geuza regulata ya zamani uone kama inadondosha mafuta ya kahawia. Ikidondosha, kiini cha ubovu huenda kiko kwenye mpira wako, na regulata mpya itakufa kifo kilekile. Mpira wa daraja R ni wa asetilini tu, propani huula; unaotakiwa ni daraja T, au ule wa rangi ya chungwa kwa kiwango cha ISO 3821. Panga regulata ikae juu kidogo ya vali ya mtungi ili mafuta yarudi mtungini badala ya kutuama ndani yake, na mtungi usimame wima daima, usije ukamwaga kimiminika kwenye regulata. Kimiminika hicho hupanuka takriban mara 270 kikigeuka mvuke.

Mtungi ukae nje. Propani ni nzito kuliko hewa mara 1.5, hutambaa sakafuni na kujikusanya chini ya meza, na asilimia 2.1 tu hewani yatosha kuwaka.

Rudia hatua ya 1 hadi 6 kwa regulata mpya siku hiyohiyo, maana mpya nayo huweza kutoka dukani na kasoro. Andika kwenye kipande cha tepu ulichokibandika kwenye kofia: tarehe, presha tochi ikiwaka, presha ilipozimwa, presha baada ya dakika 15. Kila baada ya miezi mitatu pima tena. Tarakimu ya tatu ikianza kuachana na ya pili, agiza nyingine kabla ya ile kukulazimisha. Na kila jioni funga vali ya mtungi kwanza, uache mwali umalize gesi iliyo mpirani, ndipo ufunge tochi. Kizibo kinachovuja hakina cha kuvujisha usiku kucha mtungi ukiwa umefungwa.